Muhuri wa msikiti hauhamishi nyumba

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kariakoo

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani, baada ya swala ya Isha, wanaume watatu walibaki msikitini wakitusubiri. Mmoja alikuwa jirani yetu, mtoto mkubwa wa marehemu mzee wetu aliyeswali safu ya mbele kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa mfanyabiashara anayeuza vitambaa jirani na Soko la Kariakoo. Wa tatu alikuwa dalali. Walikuja na mkataba wa mauzo ya nyumba, kurasa mbili, na ombi lao lilikuwa dogo: kamati ishuhudie na kupiga muhuri, kwa kuwa jambo likifanyika ndani ya nyumba ya Allah huwa na baraka.

Jirani yetu alitoa pia karatasi ya zamani ya mgao wa mirathi, iliyoandikwa kwa mkono na sheikh ambaye naye amekwisha tangulia mbele ya haki. Tuliisoma haraka, tukasoma Fatiha, tukapiga muhuri. Sahihi iliyo chini ya muhuri ule ni ya katibu wa kamati, ambaye ndiye anayeandika makala haya kwa niaba ya wenzake.

Miezi minane baadaye alikuja mama wa kijana yule, mjane wa marehemu, ameshikwa mkono na mabinti zake wawili. Alikuwa ameona mafundi wakipima ukuta wa uani. Hakupaza sauti. Alituuliza swali moja tu: “Wanangu, nani aliwaambia kuwa mimi nimekufa?”

Hatukuwa na jibu. Tumeona ni wajibu wetu kuyaandika haya ili ndugu zetu Waislamu wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na kwingineko wajue tulichopaswa kuuliza usiku ule. Maswali yenyewe ni machache, na kila mtu anaweza kuyauliza kabla ya kutoa au kupokea hata shilingi moja.

Anayeuza ni mwenye nyumba?

Kariakoo ni mji wa nyumba za urithi. Jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini mitaa yake ilijazwa na wazee wetu waliojenga nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na kisima uani. Leo nyumba ya aina hiyo ikibaki katika Mtaa wa Narung'ombe au Sikukuu, thamani haimo katika kuta zake, imo katika kiwanja. Chumba cha mbele kimekuwa fremu ya duka, na kila wiki dalali hupita kuuliza kama familia inauza.

Mara nyingi jina lililo kwenye hati ni la babu aliyefariki zamani. Hapo ndipo matatizo huanza. Mtu akifa, nyumba haiwi ya mtoto mkubwa, wala ya yule anayeishi ndani, wala ya yule anayetunza hati kabatini. Baada ya kulipwa gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu aliyoyaweka Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Tuchukue mfano wa nyumba hiyo hiyo. Mzee wetu aliacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walikwisha tangulia. Mke hupata thumuni, yaani fungu moja kati ya manane. Mafungu saba yaliyobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: kila kijana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Basi kijana aliyekuja kwetu na mkataba alikuwa na mafungu mawili kati ya manane. Alikuwa na robo ya nyumba, akauza nyumba nzima, nasi tukamshuhudia.

Karatasi ya mgao iliyoandikwa na sheikh ni jambo jema. Huondoa ujinga na kutuliza nyoyo. Lakini kwa sheria za Tanzania Bara karatasi hiyo peke yake haimpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mamlaka hayo hutolewa na mahakama inapomteua msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu, familia inaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ikiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kilichompendekeza msimamizi. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humteua anayefaa. Baada ya uteuzi, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda.

Tunasisitiza jambo moja ambalo watu wengi hulisahau: msimamizi si mrithi wa peke yake. Ni mwaminifu aliyekabidhiwa amana. Kwa hiyo mnunuzi aombe kuona uteuzi wa mahakama, kisha aombe ridhaa ya maandishi ya kila mrithi mtu mzima, akiwamo dada aliyeolewa Tanga na kaka aliyehamia Muscat. Wakiwamo mayatima wadogo, tahadhari iongezwe maradufu, kwani Qur'ani imetoa onyo kali mno kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma.

Tena kuna haki ya shufaa, ambayo wengi wetu tuliisoma madrasa tukaisahau mitaani. Mali ya ushirika isiyogawanywa, mshirika mmoja akitaka kuuza fungu lake, wenzake ndio wa kwanza kuulizwa kama wanalitaka. Mtume (s.a.w.) aliihukumia haki hiyo. Familia ngapi zingenusurika na ugomvi kama kaka angewauliza dada zake kabla ya kumwita dalali?

Mke amekubali?

Ikiwa muuzaji mwenyewe yu hai na jina lake ndilo lililo kwenye hati, swali halijakwisha. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kukodisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ya ndoa ni ile wanamoishi mume na mke kwa kawaida, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja wao tu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwanandoa mwenye wasiwasi kuilinda haki yake kwa kuandikisha zuio kwa Msajili wa Hati, ili nyumba isihamishwe kimyakimya.

Baadhi ya ndugu zetu husema: “Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu, kwa nini nimwombe mke ruhusa?” Tunawajibu kwamba makazi ya mke ni wajibu wa mume katika dini yetu. Anayeuza paa lililo juu ya kichwa cha mkewe bila kumweleza atampeleka wapi, amevunja wajibu wa dini kabla hajagusa sheria ya nchi.

Hati inasema nini?

Wengi hudhani kuwa anayenunua kiwanja anakuwa mwenye ardhi moja kwa moja na milele. Sivyo. Umiliki wa ardhi usio na kikomo ulifutwa nchini mwaka 1963. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya hati. Basi soma hati: imeanza lini, imebaki miaka mingapi, na kiwanja kimeruhusiwa matumizi gani. Anayetaka kujenga maduka mahali palipoandikwa makazi ajue kuwa kuna kibali cha kubadili matumizi cha kuombwa kwanza.

Kisha usiridhike na hati uliyooneshwa mezani, kwani karatasi hughushiwa. Nenda, au mtume wakili, ukafanye upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani, na kama kuna zuio lililoandikishwa. Ada yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya nyumba. Ulizia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Na stakabadhi za LUKU zisikudanganye. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme, hivyo hata mpangaji anayenunua umeme ana stakabadhi hizo. Hazithibitishi umiliki wa mtu yeyote.

Katikati ya jiji kuna hatari nyingine. Majengo mengi ya Kisutu, Upanga na Kariakoo yalitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1971, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Anayeishi humo ni mpangaji, hata kama familia yake imekaa miaka 50. Anayempa mpangaji huyo kilemba cha mamilioni hajanunua nyumba. Amenunua funguo tu, na mwenye nyumba hamjui.

Na ukinunua fleti, uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, ili upate hati ya sehemu yako mwenyewe. Familia zinazotoa kiwanja kwa mjenzi ili zipewe ghorofa moja au mbili nazo ziwe macho. Mkataba useme wazi hati itabaki kwa jina la nani wakati wa ujenzi, kama mjenzi anaruhusiwa kuiweka rehani, familia itaishi wapi mpaka jengo likamilike, na nini kitatokea akiishia katikati. Ombeni kibali cha ujenzi na majina ya wahandisi waliosajiliwa. Wakazi wa Kariakoo hatuhitaji kukumbushwa Novemba 16, 2024, siku jengo la ghorofa lilipoporomoka miongoni mwetu na kuondoka na roho za watu zaidi ya 20. Allah awarehemu.

Makubaliano yameandikwa?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Sheria ya Ardhi nayo haitambui mkataba wa mauzo ya ardhi usio wa maandishi. Lakini kuandika ni mwanzo tu. Umiliki huhama pale uhamisho unapopata vibali, kodi zinapolipwa na jina jipya linapoingizwa katika daftari la Msajili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, wa wakili au wa msikiti hauwezi kuchukua nafasi ya daftari hilo.

Bei iandikwe ile iliyolipwa kweli. Kuna mtindo wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi ya faida ya mauzo na ushuru wa stempu. Huo ni uongo wa maandishi, na humrudia mnunuzi mwenyewe: mauzo yakibatilishwa, atathibitishaje zile milioni ambazo hazikuandikwa? Malipo yapite benki, na sehemu kubwa ya fedha isitoke kabla upekuzi na ridhaa havijakamilika.

Na anayeweka nyumba rehani?

Wengi hatuuzi, tunaweka nyumba rehani ili kuongeza mtaji wa duka, kisha tunaongeza mkopo juu ya mkopo. Msimamo wa dini juu ya riba unajulikana na hatutaurefusha. Rehani yenyewe ni halali, na Mtume (s.a.w.) aliwahi kuweka deraya yake rehani. Kilichoharamishwa ni nyongeza juu ya deni. Tangu Amana Bank ianze kazi mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine zilipofungua madirisha ya Kiislamu, zipo njia kama murabaha, ijara na ushirika unaopungua. Katika ushirika unaopungua benki humiliki nyumba pamoja nawe, nawe hununua fungu lake kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya sehemu iliyobaki. Anayetaka kuhama kutoka mkopo wa riba alionao aende na nakala ya mkataba wake wa sasa, aulize kwa undani ni nini hasa kinachouzwa na kununuliwa, na jibu la bodi ya Sharia ya benki hiyo ni lipi.

Lakini jina la Kiislamu halimwondolei mtu wajibu wa kusoma. Katika mkopo wowote, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au ushahidi wa ridhaa ya mke au mume, au wake wote wanaoishi humo. Mkopaji analazimika kusema ukweli kama ana ndoa, na mkopeshaji analazimika kuchukua hatua za kuthibitisha. Mkopo unapoongezwa, ridhaa ya zamani isichukuliwe kuwa ya milele. Mwenzako aelezwe upya.

Ukishindwa kulipa, mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi na kuuza. Sheria inataka akupe notisi ya maandishi yenye siku 60. Mnada wa nyumba nao hutangazwa kwa umma siku zisizopungua 14. Anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria hudhania kuwa wajibu huo haukutimizwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani. Hata hivyo, asisubiri. Nyumba ikishanunuliwa mnadani na mtu mwenye nia njema, kuirudisha ni kazi ngumu. Barua ya kwanza ikifika, nenda benki ukaombe kupangiwa upya, na umwone wakili siku hizo hizo.

Hatari kubwa zaidi haiko benki, iko kwa wakopeshaji wa vichochoroni wanaokutaka usaini mkataba wa mauzo kama dhamana ya mkopo wa miezi mitatu. Usisaini. Kama unakopa, karatasi iseme unakopa. Na ukimaliza deni popote, usiondoke na hati tu mkononi. Hakikisha rehani imefutwa katika daftari la Msajili.

Ilivyokwisha

Msomaji atauliza nyumba ya mzee wetu iliishia wapi. Tuliwaita wote: mama, watoto watano na mnunuzi, ambaye naye alikuwa amedhulumiwa. Tulianza kwa kuwaomba radhi, kwa kuwa muhuri wetu ndio uliompa mnunuzi imani ya kutoa fedha zake. Wakili aliyejitolea aliwaeleza hali ya sheria. Familia ilifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na mama mwenyewe pamoja na mtoto wake wa pili wakateuliwa wasimamizi. Warithi waliamua kutouza. Fedha za mnunuzi zinarudishwa kutoka katika fungu la kaka mkubwa la kodi za fremu, bila kugusa mafungu ya mama na dada zake. Ni safari ndefu. Kodi ya fremu mbili hairudishi upesi bei ya nyumba ya Kariakoo. Mnunuzi amesubiri kwa subira kubwa, na tunamwombea.

Kamati nayo imeamua. Muhuri wa msikiti haupigwi tena kwenye mkataba wa nyumba. Anayekuja kuomba baraka tunamkaribisha, tunamkalisha, kisha tunamuuliza: Hati ina jina la nani? Warithi wote wako wapi? Mke amesaini? Upekuzi umefanyika? Akikosa jibu moja, tunamwambia arudi akiwa nalo. Baadhi hukasirika na kusema msikiti umekuwa mahakama. Tunavumilia. Yule mama bado huja darsa ya wanawake kila Jumamosi, hukaa karibu na nguzo ya nyuma, na hatungependa aje kutuuliza swali lile mara ya pili.

Mtume (s.a.w.) amemwonya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma kwamba atavikwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka saba Siku ya Kiyama. Sisi tulishuhudia zaidi ya shubiri. Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe, atujaalie tuwe mashahidi wa haki, na azilinde nyumba za wajane na mayatima wetu. Amin.